Tarehe ya faili si shahidi: somo la daftari la mashamba ya Nyabiondo

Mwaka jana, katika ukumbi wa kanisa moja hapa Goma, nilisimama mbele ya watu kama ishirini waliotoka Nyabiondo na vijiji vya jirani. Nilikuwa na mashine yangu na projekta ya kuazima. Mimi na wenzangu watatu tulikuja kuwaonyesha daftari la mashamba ambalo tulikuwa tumelijaza kwa zaidi ya miaka miwili: jina la mwenye shamba, mipaka yake, majirani wa pande zote nne, na mashahidi waliokuwapo shamba liliponunuliwa au kurithiwa.

Papa mmoja, mwalimu mstaafu, hakuridhika na kurasa nzuri tulizotengeneza. Akaomba kuona folda yenyewe. Nikaifungua. Akasogea karibu na ukuta, akasoma safu ya tarehe kwa kidole, mstari kwa mstari. Mamia ya mafaili, na yote yalikuwa na tarehe moja, saa moja, dakika moja.

Akavua miwani. "Kijana, unatuambia kazi hii ni ya miaka miwili. Mashine yako inasema mmeiandika juzi, saa nane na dakika saba mchana."

Ukumbi ukanyamaza. Kisha mama mmoja mjane akauliza, bila hasira: "Kwa hiyo jina la marehemu mume wangu mliliandika juzi?"

Ninaandika makala haya kwa sababu siku hiyo sikuwa na jibu fupi, na kwa sababu naamini wengi wanaokusanya habari za vita, za ardhi na za watu waliohama katika Masisi na Walikale wataulizwa swali hilo hilo. Wengine wataulizwa na hakimu.

Nianze na sababu ya daftari lenyewe. Nyabiondo iko katika sekta ya Osso-Banyungu, kwenye barabara inayotoka Masisi-kati kwenda Walikale. Ni mahali ambapo watu wamekimbia na kurudi mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya ardhi yote ya nchi kuwa mali ya serikali, na ikaahidi kwamba amri ya rais ingekuja kupanga mambo ya ardhi za kimila. Miongo ikapita, amri haikuja. Kwa hiyo mkulima wa kawaida hana hati kutoka ofisi ya ardhi. Ana karatasi iliyotiwa sahihi na chefu wa kijiji, au ana kumbukumbu ya majirani tu. Nyumba ikiungua, karatasi inaungua nayo. Majirani wakitawanyika, kumbukumbu inatawanyika. Atakayerudi kwanza ndiye atakayesema mpaka ulikuwa wapi.

Tulichagua kuandika kila shamba katika faili lake dogo la maandishi, na kuyatunza yote kwa Git. Git ni chombo wanachotumia watengeneza programu kuhifadhi historia ya kazi yao. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, alikianza Aprili 2005. Kila unapomaliza badiliko, unaliingiza pamoja na jina lako, tarehe na maelezo mafupi. Badiliko hilo nitaliita ingizo, kama ingizo la daftari la duka. Unaweza kurudi kwenye ingizo lolote la zamani ukaona kila neno lilivyokuwa siku hiyo. Kwa daftari la mipaka ya mashamba, nilidhani hakuna kitu bora zaidi.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Siku mbili kabla ya mkutano mashine yangu ya zamani iliharibika. Nikaazima nyingine, nikashusha nakala nzima ya daftari kutoka kwenye seva. Na Git inaposhusha nakala, haiyapi mafaili tarehe zake za zamani. Haizijui. Ndani ya Git faili linahifadhiwa kwa maudhui yake, jina lake, na alama inayosema kama ni programu inayoweza kuendeshwa au la. Tarehe ya kubadilishwa kwa faili haimo kabisa. Kwa hiyo mashine inapoyaandika mafaili kwenye diski yake kwa mara ya kwanza, inayapa saa ya wakati huo. Saa nane na dakika saba haikuwa saa ya kuandikwa kwa jina la yule marehemu. Ilikuwa saa ya nakala kufika kwenye mashine ya kuazima.

Usiku ule baada ya mkutano niliona aibu, na aibu ilinifanya nifanye kosa kubwa zaidi. Niliandika programu fupi ya kuyarudishia mafaili tarehe zake: kwa kila faili, ilisoma kwenye historia ingizo la mwisho lililoligusa, kisha ikalipa faili tarehe hiyo. Folda ikapendeza. Kila shamba likawa na siku yake. Nikasema sasa papa mwalimu ataridhika.

Wiki iliyofuata tulichapa kurasa za kusambaza kwa familia. Yule mama mjane alipopokea ukurasa wake, alisoma akatikisa kichwa. Mpaka wa chini ulikuwa bado kwenye mti, si kwenye kijito. Alikuwa amekuja miezi mitatu kabla na jirani yake, wakakubaliana mbele yetu kwamba mpaka ni kijito, na tukasahihisha. Masahihisho yalikuwamo kwenye faili, lakini hayakuwamo kwenye karatasi. Kama angekuwa hajui kusoma, angeitunza karatasi ile miaka kumi, kisha ingemshinda barazani kwa ushahidi wa mkono wetu wenyewe.

Sababu ilikuwa ile programu yangu ya aibu. Kurasa zetu zinatengenezwa na chombo cha zamani kiitwacho Make, kilichoandikwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1976. Make ni kifanyakazi kinachopenda kupumzika: kabla ya kutengeneza ukurasa, kinalinganisha saa mbili. Faili la shamba likiwa jipya kuliko ukurasa wake, kinautengeneza upya. Faili likiwa la zamani kuliko ukurasa, kinasema kazi imekwisha. Siku ile kabla ya kuchapa, nilikuwa nimerudi kwenye toleo la zamani la daftari ili kuangalia jambo fulani, nikatengeneza kurasa zake, halafu nikarudi kwenye toleo jipya. Git peke yake ingelipa faili la yule mama saa ya dakika hiyo, na Make kingeona kwamba limebadilika. Lakini programu yangu ikalirudishia tarehe ya miezi mitatu iliyopita. Make kikaona ukurasa wa saa moja iliyopita na faili la miezi mitatu, kikahukumu kwamba ukurasa ni mpya. Ukachapwa mpaka wa zamani.

Hapo nikaelewa kwamba waliounda Git hawakuwa wazembe. Tarehe ya faili kwenye diski ina kazi moja: inaiambia mashine hii ni lini kitu kilibadilika hapa, kwenye diski hii. Faili likibadilika leo kwa sababu nimehama toleo, basi limebadilika leo, hata kama maneno yake ni ya mwaka juzi. Vyombo vingine huacha mlango wazi. Subversion, kwa mfano, ina mpangilio wa kuyapa mafaili tarehe ya kuingizwa kwake, lakini haijauwasha yenyewe. Mtumiaji anauomba akijua anachofanya. Ukitumia rsync au tar unaweza kuhamisha mafaili pamoja na tarehe zake, kwa sababu hivyo ni vyombo vya kuhamishia na kufungashia. Git ni chombo cha historia, na historia yake haiko kwenye safu ile aliyoisoma papa mwalimu.

Basi iko wapi? Iko kwenye maingizo. Kila ingizo lina tarehe mbili: siku ambayo badiliko liliandikwa, na siku ambayo liliwekwa mahali lilipo sasa katika historia. Mara nyingi ni moja. Zikitofautiana, maana yake mtu alilichukua ingizo la zamani akalipanga upya, na hilo peke yake ni habari. Tena kila tarehe inabeba tofauti ya saa ya eneo. Kwetu mashariki ni saa mbili mbele ya saa ya dunia, Kinshasa ni saa moja. Git inaandika yote mawili, saa na eneo. Hati ya Goma ikisomwa Kinshasa, saa haipotei.

Linganisha na kadi ndogo ya simu au kamera. Kadi nyingi hutumia mpango wa zamani wa FAT, au mpango ulio karibu nao, na FAT huandika saa ya mahali bila kusema ni mahali gani. Picha iliyopigwa Nyabiondo saa 8:07 mchana, kadi ikifunguliwa na wakili wa Kinshasa, mashine yake itasoma 8:07 ya Kinshasa. Nakala ya faili hilo hilo iliyopitia mashine inayotunza saa ya dunia itamwonyesha 7:07. Nakala mbili za picha moja, zimetofautiana kwa saa nzima, na hakuna aliyedanganya. Mtetezi hodari wa mshtakiwa anahitaji nini zaidi ya hapo?

Hali ya WhatsApp ni mbaya zaidi, na ndiyo njia ambayo karibu picha zote za Masisi zinatufikia. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa, na habari zilizokuwa ndani yake, pamoja na siku ya kupigwa, zinaondolewa. Jina linalobaki kwenye simu nyingi, lile linaloanza na IMG, lina tarehe ya kupita WhatsApp. Ndiyo maana picha ya nyumba zilizoungua miaka iliyopita inaweza kurudi asubuhi moja ikiwa na tarehe ya leo, na mji mzima ukaanza kufunga mizigo.

Kuna watakaosema: kama tarehe ya faili haiaminiki, tuiamini basi tarehe ya ingizo. Hapana, si bila masharti. Git inaiuliza saa kwa mashine yenyewe, na mashine inaweza kukosea. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo imekufa, ikizimika umeme, inaamka ikidhani ni mwaka 2000 au hata 1970. Na anayetaka kudanganya anaweza kuiambia Git aandike tarehe yoyote. Ni amri ya mstari mmoja. Tarehe ya ingizo ni maneno ya aliyeandika, kama tarehe ya juu ya barua.

Kitu ambacho ni kigumu kukidanganya ni mfuatano. Kila ingizo lina heshi, namba ndefu ya tarakimu na herufi 40 inayokokotolewa kutoka kwenye kila kitu kilichomo: maneno, jina, tarehe, pamoja na heshi ya ingizo lililotangulia. Ukigusa herufi moja ya ingizo la mwaka juzi, heshi yake inabadilika, na ya lililofuata, na ya linalofuata hilo, mpaka la leo. Kwa hiyo mwenye heshi ya leo ameshika historia yote kwa mkono mmoja. Akiwa nayo mtu wa nje ambaye hana faida katika shamba lolote, hakuna anayeweza kurudi nyuma kimyakimya kuhamisha mpaka kutoka kijitoni mpaka mtini.

Wazo la kumpa mtu wa nje heshi si geni. Tangu mwaka 1995 kampuni ya Surety ya Marekani ilikuwa ikichapisha heshi yake kila wiki katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Nakala za gazeti zikishasambaa, nani atazikusanya zote azibadilishe? Sisi hatuna pesa ya tangazo huko. Kila mwisho wa mwezi tunaandika heshi ya daftari kwenye karatasi tatu: moja kwa mchungaji, moja kwa papa mwalimu, moja kwa mama mmoja wa chama cha akina mama. Kila mmoja anaweka sahihi na tarehe kwa kalamu yake. Hawahitaji kujua Git. Wanahitaji kuitunza karatasi tu.

Je, mambo haya yanafika mahakamani kweli? Yamefika, na si mbali. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kwa uhalifu dhidi ya binadamu uliotendwa mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, Kivu Kusini. Miongoni mwa ushahidi zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness, iliyoanzishwa mwaka 2015 na chama cha kimataifa cha mawakili, International Bar Association. Programu hiyo inaandika saa na mahali wakati picha inapopigwa, inaipa heshi, na kupeleka nakala kwenye hifadhi ambayo mpigaji hawezi kuigusa. Waliosaidia walioathirika hawakumwambia hakimu atazame tarehe ya faili. Walimwonyesha njia ambayo picha ilipita tangu kupigwa mpaka kufika mbele yake.

Papa mwalimu bado ana hoja yake, nami naiheshimu. Anasema kaye ya mkono ni bora, kwa sababu wino unaonekana, aliyefuta anajulikana kwa doa, na hakuna haja ya kumwamini kijana mwenye mashine. Ni kweli. Lakini kaye ni moja. Desemba 2004, wanajeshi wa zamani wa RCD-Goma na Mai-Mai walipopigana Nyabiondo, raia waliuawa, nyumba zikaporwa, watu wakakimbilia msituni. Kabla ya mwaka huo kulikuwa na makaye mengi katika vijiji vyetu. Mangapi yalibaki? Faida ya mashine ni kwamba daftari moja liko mahali kumi. Faida ya kaye ni sahihi ya mkono mbele ya watu. Karatasi zetu tatu za kila mwezi ni jaribio la kuviunganisha hivyo viwili.

Kuna hatari nyingine ambayo tulichelewa kuiona. Git inaandika jina na barua pepe ya kila anayeingiza kitu, na historia haisahau. Katika mkoa ambao wenye bunduki hubadilika, jina kwenye daftari la mashamba linaweza kumletea mtu wageni usiku. Ukitaka kulifuta baadaye, lazima uandike upya historia yote tangu jina lilipoingia, na heshi zote zinabadilika, hata zile ulizowapa mashahidi. Kwa hiyo uamuzi unafanywa siku ya kwanza: waandishi waingie kwa majina ya kazi yaliyokubaliwa, na orodha ya majina halisi itunzwe kwingine, na mtu mmoja tu.

Ombi langu kwa vijana wenzangu wanaosoma informatika Goma, Bukavu, Butembo: mkijenga daftari la watu au la ardhi, msirekebishe tarehe za mafaili ili zipendeze. Ziacheni zifanye kazi yake. Chapeni historia chini ya kila ukurasa: badiliko gani, lini, nani aliliomba, mashahidi gani walikuwapo. Na kabla ya kuingiza lolote, hakikisheni saa ya mashine ni sahihi.

Kwa mashirika, waandishi wa habari, na makarani wa mahakama: msilikatae faili kwa sababu safu ya tarehe inasema juzi, na msilikubali kwa sababu inasema mwaka juzi. Ulizeni limepitia mikono gani. Ulizeni kama ipo nakala ya kwanza kwenye simu iliyopiga picha. Mkiomba picha kwa WhatsApp, ombeni itumwe kama hati, si kama picha.

Na kwa watu wetu wa Nyabiondo, walio Goma na waliobaki kijijini: mkija kutoa majina, ombeni mwonyeshwe ingizo lenu siku ile ile, na ombeni karatasi.

Yule mama mjane alipata ukurasa mpya, wenye kijito. Chini yake sasa pana mistari mitatu: siku aliyokuja mara ya kwanza na kusema mti, siku aliyorudi na jirani wakakubaliana kijito, na siku tuliyochapa vibaya na kusahihisha. Nilitaka kuuficha mstari wa tatu. Papa mwalimu ndiye aliyekataa. Alisema kama tunaficha kosa letu dogo, nani ataamini kwamba hatukuficha kubwa la mtu mwingine.